Baba, Gitaa Nimemuuzia Musafiri

Baba,

Gitaa limeuzwa. Naanza na hilo nisije nikaogopa katikati ya barua nikaliruka. Nimeliuza mimi Zaina, kwa mikono yangu, mbele ya Baba mudogo Amuri, siku chache kabla ya arobaini yako. Aliyelinunua ni Musafiri, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya mto, kule Alunguli. Huyo huyo unayemjua.

Nakuandikia kwa sababu nina maswali, na wewe ndiye mwenye majibu. Au labda hata wewe huna. Hapo ndipo kichwa changu kinapokwama.

Nimekaa darasani, watoto wameshakwenda nyumbani. Mwandiko wangu leo hauna adabu. Mimi ninayewakemea wanafunzi kwa kukatakata maneno nimeshakata mstari mzima hapa juu, wala sioni haya.

Ngoja nipange mambo yalivyokuja.

Baada ya kukuzika tulifungua kibanda chako cha redio, kile kilichoshikamana na nyumba. Kila redio ilikuwa na kikaratasi kimefungwa na uzi, jina la mwenyewe na ugonjwa wake, kwa mwandiko wako ule wa kulala: "inakohoa", "haisikii Kinshasa", "ilianguka mu maji". Tukazirudisha moja moja. Mama mmoja wa mtaa wa Kasuku alikataa kuchukua yake. Alisema, "Kama Papa Asani hakuiponyesha, nitaipeleka kwa nani tena?" Akaenda zake akijifuta macho na pembe ya kikwembe, redio ikabaki mezani kwetu. Bado iko. Sijui niifanyie nini.

Mwisho likabaki gitaa, kwenye msumari wake juu ya meza, limefunikwa kikwembe cha marehemu Mama.

Unalijua kuliko mtu yeyote, lakini niache nilitaje, nione kama bado nimelishika. Mwili wake ni ubao wa kiti cha treni, uliourithi kutoka kwenye behewa lililoachwa lioze pale gare, kwenye stesheni yenu, wakati treni zilipoacha kuja na nyinyi wafanyakazi mkaacha kulipwa. Nyuma yake bado kuna namba ya kiti, nusu imefutika. Shingo ni mti mweusi mgumu ambao ulikumalizia misumeno miwili. Vyuma vidogo vya shingoni ni spoki za baiskeli, ulizikata na kuzisugua mpaka zikaacha kuuma kidole. Na pale katikati, mahali nyuzi zingepita, kuna kile ulichokiita sikio la gitaa: sumaku ya bafle, spika ya redio iliyokufa, imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara elfu na elfu, kwa mkono.

Ule waya naukumbuka. Ilikuwa vita ya pili, mji umezingirwa, chumvi hakuna, sabuni hakuna, shule imefungwa. Nilikuwa na miaka saba. Wewe unazungusha, mimi nahesabu kwa sauti, na nikifika mia naweka punje ya hindi ndani ya kikombe. Siku moja risasi zililia upande wa uwanja wa ndege. Nikanyamaza. Hukuinua hata uso. Uliuliza, "Tulifika wapi?" Nikasema sijui. Ukasema, "Basi sema namba yoyote, mama. Tuendelee." Nikasema mia nne na kumi. Kwa hiyo ndani ya gitaa lile kuna uongo wangu mmoja, na wewe uliukubali ukaendelea kuzungusha.

Waya ule ulikuwa unaushika kwa kidole gumba na kile cha kwanza tu. Viwili vya katikati vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekauka, havikunji. Nilipokuuliza ulisema ulianguka kutoka kwenye ngazi ya karakana ya treni, wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Ukacheka: "Na ngazi nayo ilivunjika. Tuko sawa." Niliipenda hadithi ile, Baba. Niliwasimulia watoto wangu, wakacheka mahali pale pale nilipokuwa nikicheka mimi.

Watu walisema zamani ulikuwa mpiga gitaa wa okestra ya wafanyakazi wa treni. Mimi sikukusikia hata siku moja. Kwangu ulikuwa mtu wa kutengeneza gitaa, na gitaa lenyewe halikwisha. Vita viliisha. Treni ikarudi, ingawa inakuja inapotaka. Nyuzi za gitaa zikaanza kuuzwa sokoni. Mimi nikaolewa Mikelenge, nikazaa, nikapata kazi ya ualimu. Kila Ijumaa baada ya sala nakuletea wali na sombe, nakuuliza, "Baba, na ile gita?" Unajibu, "Bado kidogo," na unaniuliza habari za watoto.

Sasa sikia.

Baba mudogo Amuri alinijia jioni moja, amekaa kwenye kiti chako, anavuta tasbihi yake. Akasema, "Zaina, mutoto yangu, siku ya arobaini watu watasoma Kurani mu nyumba hii. Ile kitu isikuwe pale juu ya musumari, inatuangalia." Nikamwambia haijawahi kupigwa, ni mbao tu. Akasema, "Mbao tu, kwa nini inafunikwa kama maiti?" Tena mwenye kiwanja alikuwa anataka kibanda chake, amekwisha kumpata mshona nguo wa kukipanga. Nikakubali liuzwe.

Kijana mmoja wa kwaya alikuja. Akaligeuza, akaligonga mgongoni kama mtu anayechagua papai, akauliza, "Inaimba?" Nikasema halijaimba bado. Akacheka kwa heshima, akaaga.

Halafu siku ya Ijumaa akaja Musafiri. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, mikono myeusi ya grisi. Sikuwa nimewahi kumwona. Alimsalimu Baba mudogo vizuri, akanipa pole ya msiba kwa sauti ndogo sana. Hakuligeuza gitaa. Alitoa kikwembe pole pole, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya kiti. Baba mudogo alikuwa mlangoni, anaangalia pikipiki barabarani. Musafiri akanyoosha mkono juu ya rafu, nyuma ya zile batri zilizokufa, bila kutafuta, akateremsha kopo la maziwa la zamani. Akalifungua. Ndani mlikuwa na vigingi sita vya kukazia nyuzi, umevichonga kwa pembe ya ng'ombe, vinang'aa.

Baba, mimi ni mtoto wako na sikujua kopo lile lipo.

Nilitaka kuuliza. Lakini Baba mudogo aligeuka, maneno ya bei yakaanza, Musafiri hakubishana hata kidogo, na kabla sijafungua mdomo gitaa lilikuwa limefungwa kwenye karia ya baiskeli yake kwa vipande vya mpira. Akaenda zake kuelekea mtoni. Baba mudogo akasema, "Alhamdulilahi, imetoka." Mimi nikabaki naangalia ile alama nyeupe ukutani, umbo la gitaa, mahali moshi wa miaka yote haukufika.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nikavuka.

Anakaa karibu na pale mitumbwi inapofikia. Kibanda cha mabati, magurudumu yametundikwa. Mke wake alinipa kiti na maji. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Papa Musafiri, ulijuaje kopo liko wapi?"

Alikuwa anaziba mpira wa gurudumu. Akauweka chini. Akasema, "Kumbe hakukuambia."

"Kuniambia nini?"

"Miye nilikuwa nakuja pale kila Jumapili, nikitoka kanisa. Miaka tisa. Tunasugua mbao, tunachomelea waya. Ile vigingi njo miye nilileta pembe."

Miaka tisa. Mimi Ijumaa, yeye Jumapili. Na katikati wewe, umenyamaza.

Nikamwuliza mlijuana wapi. Akamwangalia mke wake, na mke wake akachukua ndoo akatoka. Ndipo aliposema. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia, ili kama kuna mahali alidanganya, wewe ujue.

Alisema, "Mama mwalimu, miye nilikuwa askari mu vita ya kwanza. Kijana tu. Tulitoka mbali, hatukujua hata huu muji jina yake nani. Baba yako alikuwa anapita pale gare na gita ndani ya gunia, anaenda kuificha. Mukubwa wetu akamwambia atoe, apige. Akapiga. Akapiga muzuri, Mama, mpaka siye wote tuliketi chini. Alipomaliza, mukubwa akasema, leta sasa. Baba yako akakatala kuiachilia. Alishika shingo yake na mukono wa kushoto. Njo wakamupiga na kitako cha bunduki, pale pale juu ya vidole."

Kitu cha kwanza nilichofikiria ni ngazi. Sikufikiria damu wala bunduki. Nilifikiria kwamba hakukuwa na ngazi. Nikaona aibu kwa ajili ya ngazi ile, kama mtu niliyemheshimu kumbe hakuwahi kuzaliwa.

Nikamwuliza, "Nani alipiga?"

"Si miye." Alisema upesi. Halafu akasema pole pole, "Lakini gita njo miye niliibeba. Mpaka Punia, kwa miguu. Nilijifunza kupiga juu yake. Mvua iliipasua kule msituni, nikaitupa."

"Na Baba alikuamini kama si weye?"

"Hakuniuliza."

"Ulimwambia haya yote, hakukuuliza?"

"Vita ilipokwisha nilirudia huku, nikaoa. Nikasikia fundi wa redio iko na vidole vibaya. Nikapeleka redio. Sikuweza kusema. Nikapeleka tena. Mara ya tatu redio ilikuwa muzima, nilidanganya tu imeharibika. Akaifungua, akaona haina kitu, akaniangalia. Njo nikasema. Akaifunga ile redio. Halafu akanipa msasa, akanionyesha ule ubao. Basi."

Basi! Hivyo tu, Baba? Mtu anakuja kukwambia nilikuwepo siku ulipovunjwa, na wewe unampa msasa?

Nikamwuliza mbona hamkulimaliza, miaka tisa, watu wawili. Akatikisa kichwa. "Kila tukikaribia, anasema bado, anaitoa shingo, tunaanza tena. Mama, mpaka leo sijui. Sijui kama alitaka nirudie kuja, ao alitaka nichoke."

Gitaa lilikuwa ndani, juu ya kitanda chao, limelazwa kwenye mkeka. Nilisimama, nikaingia bila hodi kwenye chumba cha watu, nikalichukua. Nikasema, "Hii haitabaki hapa." Musafiri hakunizuia. Alisimama tu, mikono imeanguka, akasema, "Sawa, Mama." Hiyo "sawa" iliniudhi kuliko kama angenishika.

Nikapanda mtumbwi na gitaa mapajani. Lualaba ilikuwa imejaa, maji yanakwenda na majani na vipande vya miti. Mama mmoja mwenye beseni la samaki aliniuliza, "Mwalimu, tunaenda kwa harusi?" Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao, Baba. Sijui kwa nini nilicheka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Baba mudogo. Nilimkuta anatawadha. Aliponiona na gitaa, aliacha birika likimwaga maji chini. Nikamwambia, "Baba mudogo, niambie ya mkono wa Baba. Usinipe ngazi."

Alimaliza kutawadha. Akasali. Nikangoja. Alipotoka akakaa karibu nami kwenye baraza, akasema, "Miye njo nilimupeleka hospitali, juu ya baiskeli. Nilikuwa namusukuma, naye anashikilia ule mukono kama mutoto muchanga. Tulipatana kusema ngazi. Wale watu walikuwa bado mu muji, na weye na ndugu zako mutakua, mutoto anasemasema. Nyuma ya vita kuisha nilingoja yeye mwenyewe aseme. Naye labda alikuwa ananingoja miye."

Nikamweleza habari za Musafiri, Jumapili, miaka tisa. Hakuwa anajua. Nikamwuliza kama uliwahi kumtajia aliyekupiga.

Akasema, "Nilimwuliza njiani, tukienda hospitali. Aliniambia, 'Amuri, nilifunga macho.'"

Hapo ndipo nilipopotea, Baba, na hapo ndipo nilipo mpaka sasa. Nilidhani wewe unajua na mimi sijui. Kumbe hukuona. Ulikaa miaka tisa na mtu ambaye huenda ndiye, huenda siye, unamkabidhi vyombo vyako vya kazi, na hukuuliza. Ulijizuia kwa kuogopa atakuambia kweli? Au uliona haina tofauti, aliyepiga na aliyebeba? Au ulikuwa umemsamehe, na mtu aliyesamehewa haulizwi? Nikichukua jibu moja naona ni wewe kabisa. Nikichukua la pili, naona nalo ni wewe.

Nilisema sitalirudisha. Nilisema nitalichoma. Nilisema mengi. Baba mudogo alinisikiliza mpaka nikaishiwa, halafu akasema, "Uko na pesa yake. Uko na gita yake. Sasa mwizi njo nani?"

Nilikaa nalo wiki nzima, limefichwa chini ya kitanda. Watoto walilivuta nje, mdogo akaingiza kidole kwenye tundu la waya, nikamfokea mpaka akalia. Kila asubuhi nilipanga kumrudishia Musafiri pesa zake, na kila asubuhi nikajiuliza: halafu? Nitalitundika wapi? Nitamuuzia nani, na mtu huyo nitamwambia limetengenezwa na nani? Maana kweli yenyewe ni kwamba nusu ya kazi ni yake. Spoki ni zake. Pembe ni yake. Hata ule msasa, uliosugua ubao mpaka ukawa laini kama shavu, ni mkono wake na mkono wako, na siwezi kusema hapa ni Baba, hapa ni yeye. Nilijaribu. Nilikaa na kupapasa ubao nimefumba macho, nikitafuta wewe uko wapi. Sikukupata peke yako.

Wiki ilipotimia nikavuka tena. Nilimkabidhi pale pale mitumbwini, mbele ya watu, sikutaka kuketi. Nikamwambia, "Sikukusamehe. Nimekuletea kitu chako, basi." Akasema, "Nimesikia, Mama." Halafu akaniuliza kama siku atakapoweka nyuzi, Jumapili ya tatu kutoka hapo, ningependa kuwepo. Nikasema hapana. Nilisema hapana mara mbili.

Na Jumapili ya tatu nikaenda. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nafua, nikaacha nguo ndani ya maji.

Alikuwa ameviweka vigingi na nyuzi, na ameunganisha waya na bafle ya redio kubwa. Lilianza kwa kunguruma tu, kama nyuki ndani ya chupa. Akalifungua, akachomelea kitu, akalifunga. Likanguruma kidogo zaidi, halafu likanyamaza, na uzi mmoja ukalia. Ule mnene una sauti ya mtu mwenye mafua. Nyingine ziko sawa. Sikio lako linasikia, Baba. Pamoja na uongo wangu ule, linasikia.

Musafiri akakaa kwenye kigoda, akainama. Akapiga wimbo mmoja usio na maneno. Unaanza chini, unakwenda kama mtu anayetembea na mzigo, halafu unageuka kidogo na mzigo unakuwa mwepesi. Mke wake aliacha kufagia. Alipomaliza hakunitazama. Alisema, "Njo ile alipiga siku ile, pale gare. Niliishika kichwani tangu pale. Baba yako nilimupigia mara moja kwa mudomo. Aliniambia ninyamaze."

Sasa nikueleze nini? Wewe sikukusikia ukipiga, wala katika usingizi. Na sasa nimekusikia. Nimekusikia kupitia vidole vya mtu aliyebeba gitaa lako akaiacha damu yako njiani. Nilimchukia vibaya sana wakati ule. Na nikamwambia, "Rudilia." Akarudia. Nikamwambia tena, na tena, mpaka mara ya nne, ili nisisahau. Kama angekataa ningemwangukia miguuni. Ndiyo, mimi. Kwa mtu yule.

Juzi nilikuwa naosha sahani nyumbani, naimba ule wimbo kwa pua bila kujua. Baba mudogo alikuwa amekuja kuona watoto. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nikadhani atanikemea kwa sababu ya muziki. Akasema, "Umeitoa wapi ile?" Nikamwambia. Akakaa chini, mzee mzima, kwenye sakafu yenye maji. Akasema, "Imba tena." Nikaimba.

Nilipofika mwisho akatikisa kichwa. "Mwisho wake si vile. Inapanda." Na yeye, Baba, yule aliyelitoa gitaa nyumbani kwa ajili ya Kurani, akafungua mdomo, akaimba mwisho wake kwa sauti iliyopasuka. Unapanda kweli. Unapanda pole pole, halafu unasimama juu, haushuki.

Sasa nina miisho miwili. Sijui kama Musafiri alisahau, maana alikuwa kijana na miaka ni mingi. Au siku ile ulikatisha, ukawanyima sehemu ile kwa makusudi, ukabaki nayo. Kama uliwanyima, basi mimi si mtu wa kumpa. Kama alisahau tu, mbona nisimkumbushe? Nimeandika sentensi hii mara tatu na bado sijui ninataka iwe ipi.

Kuna siku nafikiri ulikuwa mtakatifu, na kuna siku nafikiri ulikuwa mkaidi tu, unamfanyisha kazi mtu kila Jumapili na kumvunjia shingo ya gitaa kila anapokaribia kupumzika. Nikisema hivi nacheka, maana nakuona usoni. Halafu nalia. Mlinzi wa shule amepita dirishani sasa hivi, akaniona, akajifanya anatazama paa.

Kaburi lako tumelipalilia. Mvua ilikuwa imekula upande mmoja, Baba mudogo akaleta udongo mwekundu tukajaza. Arobaini ilikwenda vizuri, watu walikuwa wengi, hata wale wazee watatu waliobaki wa treni walikuja, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Sikuwauliza kitu. Nilitaka, nikaona nyuso zao, nikawapa chai.

Basi, Baba yangu, pumzika. Mungu akupe nafasi. Mimi nakuahidi mambo mawili, kwa sababu hayo mawili ninayaweza. Nitawaambia watoto kwamba mkono wako ulivunjwa na mtu, pale gare, na kwamba hakuna anayejua ni nani. Na nitawafundisha wimbo wako wote, na ule mwisho unaopanda. Wameshaanza. Yule mdogo anaukosea, anauteremsha, na mimi namwambia arudie.

Musafiri nikikutana naye sokoni nitamsalimu, nitamwuliza habari za mke wake. Baada ya salamu sijui nitasema nini. Nitasimama hapo, nione.

Mwana wako,
Zaina